Bado Pasi Tu

"Tayari, dada, bado kuzibana tu," alisema mwenye mashine ya fotokopi, na mashine yenyewe ilikuwa haijawashwa hata taa.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Duka lilijaa wazazi wanaoulizia madaftari, makarani waliobeba mafaili kifuani, na mtoto mmoja aliyekaa chini sakafuni akigomea mkoba wa kijivu kwa sababu alitaka mwekundu. Dada aliyeambiwa kopi zake ziko tayari alikuwa mwalimu wa jiografia wa kidato cha tatu. Alivaa sketi ya buluu ya marinda na blauzi nyeupe ya kola ndogo, na kwapani alibana rula ya mbao ya nusu mita. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mwalimu Rula. Ile sketi naijua rinda kwa rinda, maana niliishona mimi. Ni mwanangu.

Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati lake la rangi ya maziwa limekunjwa mikono, na kwenye mfuko wa kifuani kuna doa la wino lililokaa kama ziwa kwenye ramani.

"Mzee wangu, samahani," alimwambia mwenye duka. "Hiyo 'bado kuzibana tu' yako, kutoka hapa ni mwendo wa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mwanangu alicheka kuwapita wote, mpaka akaegemea kaunta. Hakujua kwa nini kimemchekesha hivyo. Mimi najua. Amekulia ndani ya neno lile.

Walipomaliza kucheka wakanyoosha mikono pamoja kwenye rafu, na mikono ikakutana kwenye pakiti moja ya kadi za rangi, ya mwisho.

"Niachie, kaka. Nina darasa la watoto hamsini na wawili."

"Mimi nina shule nne."

"Nne? Wewe ni nani, ofisa elimu?"

"Mimi ni mtu wa kadi tu. Nafundisha watu kumaliza walichokianza."

"Kwani watu hawajui kumaliza?"

"Mwulize mzee hapa na mashine yake."

Waligawana pakiti pale pale kwenye kaunta, yeye akachukua za njano, mwanangu za kijani. Alipotoka mlangoni alimwachia neno: "Mwalimu, hizo za kijani usizimalize. Huenda nikazifuata."

Jumatatu yake akaingia ofisi ya walimu ya shule ya mwanangu. Ilikuwa mojawapo ya zile nne.

Wazazi wenzangu, mimi elimu yangu ni ya msingi, na maisha yangu yote nimeyamalizia nyuma ya cherehani. Haya ninayoyaandika wamenisimulia wenyewe wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na mengine niliyatenda kwa mkono wangu. Someni mkiwa na watoto wenu karibu.

Yule bwana alikuja kufundisha kitu kinachoitwa usimamizi wa miradi. Alianza na walimu, na walimu walimpokea kama wanavyompokea mkaguzi, kwa mikono iliyofumbatwa kifuani.

"Silabasi yenyewe haiishi," alisema mwalimu wa hisabati, mtu wa kitambi na maneno. "Unatuletea na miradi? Sisi tunajenga daraja hapa?"

"Mwalimu, ulihama nyumba mara ya mwisho lini?"

"Mwaka jana."

"Kuna kilichovunjika?"

"Kioo cha kabati."

"Ulijua kitavunjika?"

"Mke wangu alisema tangu asubuhi."

"Basi ule ulikuwa mradi, na msimamizi alikuwa mkeo. Wewe ulikuwa kuli."

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko, na mwalimu wa hisabati akacheka zaidi ya wote. Baada ya hapo wakamsikiliza. Aliwaambia kazi hii si ya wajenzi peke yao. Hospitali inamtafuta mtu anayejua kuichukua kazi mwanzo na kuifikisha mwisho, kiwanda kinamtafuta, hata jiko la hoteli. Mtoto akijifunza akiwa na miaka kumi na mitano, alisema, anatoka shuleni na ujuzi mkononi kabla hata cheti hakijatoka.

Akachukua ukuta wa stoo kuukuu ya shule, akaugawa kwa chaki mafungu manne: *Bado*, *Inaendelea*, *Nimekwama*, *Imekwisha*. Kila kazi inaandikwa kwenye kadi, na kila kadi ina jina la mtu mmoja tu. "Kazi ya wawili ni yatima," alisema. Tena kadi haiingii *Imekwisha* mpaka mtu mwingine aione kazi kwa macho yake. Kanuni zake zilikuwa hizo mbili tu, mtoto wa chekechea angezishika.

Mradi wa mazoezi waliuchagua wanafunzi: stoo ile ile igeuzwe chumba cha kusomea. Aliyewaongoza alikuwa kiranja wa kidato cha tatu, msichana mfupi mwenye sauti ya mpiga mnada. Wengine walipewa rangi, wengine rafu. Mapazia nilipewa mimi, Mama Cherehani. Kumtafuta fundi umeme akague nyaya kuukuu kabla ya kuwasha taa alipewa Mwalimu Rula.

Wiki zilikwenda, kadi zikasogea, ila fungu moja halikupata hata kadi moja. Ni lile la *Nimekwama*.

"Ukuta usio na kadi hapa," Bwana Kadi alikuwa akisema, maana ndivyo watoto walivyomwita, "ni ukuta unaosema uongo. Hakuna kazi isiyokwama." Watoto wanaitikia, walimu wanatikisa vichwa, na hakuna anayeinuka.

Na mapenzi, je? Mapenzi hayakukwama. Bwana Kadi alianza kumpigia mwanangu simu saa nne, wakati wa mapumziko.

"Rula wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Kadi yangu ya chakula bado iko kwenye *Bado*."

"Isogeze basi, mpenzi, utakonda mpaka shati likupwaye. Nani atakutaka?"

"Wewe."

"Mimi napenda vilivyonyooka. Wewe umepinda kama kulabu."

"Ndiyo maana nikakunasa."

Alikuja nyumbani akanisalimu kwa adabu, nikampima shati. Alikuwa na mabega mapana, nikampenda kwa mabega yake kwanza, kisha kwa namna alivyomsogezea mwanangu kiti bila kutazama kama kuna anayemwona. "Mama, nipitie lini?" aliniuliza. Nikamwambia Jumatano. Jumatano ilipofika akabisha hodi, nami nikaitikia kutoka ndani: "Tayari, baba, bado pasi tu."

Shati lilikuwa vipande vinne mezani, mikono haijaunganishwa na mwili.

Mwanangu aliniangalia, kisha akaangalia sakafu. Niliona, nikajifanya naivuta sindano.

Sasa nisemeni. Kwa mafundi neno lile si uongo, ni kama salamu. Mteja anafika, wewe hujakata hata kitambaa, utamwambia nini? Lakini mimi sikuwa nikilisema peke yangu. Tangu mwanangu ana miaka sita nilikuwa namtuma mlangoni alitamke yeye, kwa sababu watu hawamgombezi mtoto. "Mama amesema iko tayari, bado pasi tu." Siku moja alimwambia jirani ukweli, kwamba nguo haijaguswa. Nilimfinya sikio mpaka likawa jekundu. "Unataka tuaibike?" nilimwuliza. Hakurudia. Nikafurahi kwamba nimelea.

Basi, yule fundi umeme. Mwanangu alimpigia simu mara ya kwanza, akaambiwa wiki ijayo. Mara ya pili akaambiwa wiki ijayo vilevile. Alikwenda mpaka karakana yake akakuta kufuli. Zikabaki siku tano kabla ya ufunguzi wa chumba, kisha tatu. Wazazi walikwisha kualikwa kwa barua, Jumamosi saa tatu. Ukutani kadi zote zilikuwa zimesogea, ile yake ya nyaya peke yake ilibaki *Inaendelea*, ya kijani, imenyooka.

Alhamisi Bwana Kadi alisimama mbele ya walimu akasema, "Tazameni kadi za Mwalimu Rula. Huyu hajachelewa hata siku moja." Akamtazama kwa macho yale. Mwanangu aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipotaka kusema, neno likafika kooni, likarudi. Angesemaje mbele yake kwamba amekwama, na yeye ndiye kielelezo?

Ijumaa asubuhi walikutana peke yao pale ukutani. Harufu ya rangi mpya ilikuwa bado imejaa chumbani.

"Na nyaya, laazizi?"

"Tayari. Bado kufunga kifuniko cha swichi tu."

Ulimi wangu, kinywa chake.

Yeye alitakiwa ainue shingo aangalie ile swichi. Ilikuwa hatua tano kutoka pale. Badala yake alitabasamu, akaibandua kadi ya kijani kwa vidole vyake mwenyewe na kuibandika *Imekwisha*. "Nilijua," alisema.

Mchana ule mwanangu alinieleza tukiwa mezani. Alikuwa akizungusha kijiko tu. Nikamwambia, "Taa ni taa, mama. Itawaka. Nani ataangalia nyaya?"

Jumamosi nilivaa gauni langu la zambarau. Mapazia yangu yalining'inia madirishani, ya njano, nami nilikaa benchi la mbele karibu na mwanangu ili watu wajue nani ni mama wa nani. Mwalimu Mkuu, mama mnene wa miwani ya kamba, alitoa hotuba fupi, akasogea kwenye swichi akabonyeza.

Taa iliwaka. Tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, ukutani pakatoa mlio kama wa kuni mbichi, cheche zikaruka, moshi mweusi ukashuka, na pindo la pazia langu likashika moto. Watu wakasimama kwa pamoja. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na viti, tukasongana wote kwenye ule wa mbele. Kiranja alikuwa akiwasukuma wadogo zake watoke kwanza, na yeye alipofika kizingitini akakanyagwa, akaangukia mkono. Niliusikia ule mkono ukivunjika. Hadi leo nikikata uzi kwa meno nausikia.

Moto ulizimwa kwa ndoo za mchanga. Hakufa mtu, tunashukuru. Tulisimama uwanjani tumepakaa masizi, na Mwalimu Mkuu akauliza swali moja kwa sauti ya chini.

"Nani alikagua nyaya?"

Bwana Kadi alimtazama mwanangu. Hakumtazama kwa kumtuhumu, alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake mlangoni. Mwanangu alitazama viatu vyake. Na mimi, niliyesimama ubavuni kwake, nilikishika kifundo cha mkono wake nikakiminya. Alijua maana yake. Ni ule mfinyo wa sikio.

"Kanuni ni yangu," alisema Bwana Kadi hatimaye. "Kuhakikisha kazi imeonwa kwa macho ni juu yangu. Sikuangalia. Lawama ni yangu."

Jumatatu alipewa barua ya kuacha kufundisha, siyo kwenye shule yetu tu, kwenye zote nne.

Mwanangu alilia siku mbili. "Mama, niende nikaseme," alisema.

"Ukaseme nini? Ufukuzwe? Yule ni mwanamume, ana kazi zake, atapata nyingine. Wewe una nini zaidi ya jina lako? Nyamaza. Yatapita."

Haya ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama yalivyo, sikuyapiga pasi.

Siku ya nne simu ya mwanangu iliita, iko kwenye meza yangu ya cherehani inachajiwa. Niliona jina la Bwana Kadi, nikapokea.

"Shikamoo, mama. Naomba kuongea na mwalimu."

"Marahaba. Hayupo."

Alikuwepo. Alikuwa uani anafua, nasikia maji yakimwagika.

"Atarudi saa ngapi, mama? Nina neno moja tu la kumwuliza."

Nilijua ni neno gani. "Baba," nikasema, "mwanangu umeshamfukizia moshi. Utamletea na moto? Mwenyewe amesema usimpigie tena."

Kisha akasema, "Amesema hivyo?"

"Amesema."

"Basi, mama. Asante." Hata katika hilo alinishukuru. Nikafuta ile namba iliyoingia, nikarudi kushona, na mshono ule wote ulienda upande, nikaufumua.

Kumbe siku ile ile asubuhi Bwana Kadi alikuwa amemkuta fundi umeme, naye akamwambia wazi, "Mimi shuleni kwenu sijawahi kutia mguu." Alishajua. Hakupiga simu kwa ugomvi. Alitaka tu kulisikia kwa mdomo wa mwanangu, ili alisamehe. Mwanangu naye, alipoona siku zinapita simu haiiti, akajiambia: ameshajua, ananiona uchafu. Kila saa nne alitoka nje ya ofisi ya walimu na simu mkononi, akasimama chini ya bomba la maji ya mvua mpaka kengele ilie. Rula aliiacha nyumbani. Alifundisha amekaa. Marinda ya sketi yalianza kumlegea kiunoni, akayabana kwa pini wala hakuniomba niipunguze.

Wiki tano. Mimi nimelala nao nyumba moja, yeye na huzuni yake, nikawa naulizia tu kama chumvi imetosha.

Aliyetutoa pale ni yule kiranja. Alirudi shuleni mkono umefungwa plasta ngumu ya hospitali, wenzake wameichora majina, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, somo la mwisho hatukulipata."

"Somo gani?"

"La mradi. Bwana Kadi alisema mradi hauishi kwa kufungua mlango. Unaisha watu wakikaa wakasema walichojifunza, hata kama umeungua."

Mwalimu Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Itisheni," alisema. "Kila mwenye kadi aje."

Nami nilikuwa na kadi.

Tulikaa kwenye chumba kile kile, ukuta mmoja mweusi, kadi zimekunjamana kwa joto lakini zimebaki mahali pake. Nilipakata mfuko wangu. Bwana Kadi alikuwa amesimama karibu na mlango. Kiranja ndiye aliyemwandikia barua. Alikuwa amekonda pia. Shati lilikuwa lile nililomshonea, nikagundua kola nilimwekea ya haraka haraka, upande mmoja umepanda.

"Hapa hatumtafuti mwenye kosa," alisema kiranja, chaki mkono wa kushoto. "Tunatafuta palipokatika. Naanza mimi. Kadi yangu ilisema kuhakikisha milango miwili iko wazi. Niliipeleka *Imekwisha*. Mlango wa nyuma ulikuwa na viti. Niliviona. Sikujua nimwambie nani aviondoe, nikaona aibu kuuliza, kwa sababu mimi ndiye kiongozi." Akaibandua kadi yake kwa mkono mmoja, ikachanika kidogo, akaibandika *Nimekwama*. Ilikuwa ya kwanza kukaa pale. "Nimelipa kwa mkono huu. Nani anafuata?"

Mtoto wa miaka kumi na mitano.

Mwanangu alisimama. Nilinyoosha mkono nimshike, safari hii akaukwepa. Alitembea hadi ukutani na kuichukua ile kadi ya kijani.

"Nyaya hazikukaguliwa," alisema. "Fundi hakuja hata siku moja. Nilisema tayari, na sikuwa na kitu. Aliyelaumiwa hakustahili. Nilijua, nikanyamaza wiki tano." Sauti ilikatika, akaisubiri irudi. "Mkono wako, mwanangu," alimwambia kiranja, "ni kwa ajili yangu." Akaibandika kadi *Nimekwama* na kubaki ameigusa, kama anaogopa itaanguka.

Mwalimu Mkuu akasema, "Darasa lako litashikwa na mwingine hadi mwisho wa mwaka. Jumatatu utaniletea maelezo kwa maandishi." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Kaa chini, mwanangu. Mficha uchi hazai. Afadhali umesema."

Mimi sikusimama. Kiranja aliuliza, "Kuna mwingine?" nami nilikazia macho kifungo cha mfuko wangu.

Walipotoka nje wawili wale walisimama chini ya lile bomba la maji ya mvua.

"Kwa nini ulikataa nisikupigie?" aliuliza Bwana Kadi.

"Nani alikataa? Nimekusubiri kila saa nne kama mgonjwa anayesubiri dawa."

"Nilipiga. Mama alisema umekataza."

Wote wawili wakageuka kutazama dirishani, na mimi nilikuwa pale dirishani, mfuko magotini. Nilidhani atakuja anitukane. Hakuja. Hakunisema siku ile wala siku iliyofuata, na hilo ndilo lililonila.

"Mimi nina la kwangu pia," aliendelea Bwana Kadi. "Nilisogeza kadi kwa sababu napenda sauti yako. Miaka sita nawakataza watu wazima wasifanye hivyo."

"Utanisamehe?"

"Bado."

"Bado?"

"Iko *Inaendelea*. Usinisukume, Rula."

Akacheka huku machozi yanashuka, akajifuta kwa kiganja. "Na mimi nitaikagua lini?"

"Njoo kila saa nne."

Shule mbili kati ya nne zilimrudisha. Mbili hazikutaka kumsikia, na mpaka leo hazijataka. Mwanangu alimaliza mwaka bila darasa lake, akawa anashika daftari la zamu na kumpeleka kiranja kliniki ya mkono kila Ijumaa. Mkono ulipona, ila haunyooki wote.

Siku moja wakiwa kwenye foleni duka lile lile la fotokopi, mwenye mashine akisema bado kuzibana tu, Bwana Kadi alitoa kadi ya njano mfuko wa kifuani akampa. Imeandikwa: *Kazi: kuoana*. Chini yake majina mawili.

"Umevunja kanuni," alisema mwanangu. "Kazi ya wawili ni yatima. Ulisema wewe."

"Nimeipigia hesabu kila namna. Hii peke yake haiendi na jina moja."

"Na nikikwama?"

"Utasema."

"Na wewe ukikwama?"

"Nitasema. Unaikubali au niirudishe kwenye pakiti?"

Aliikunja mara mbili akaitia kwenye blauzi, upande wa moyo, na mwenye duka akasahau kufunga mdomo.

Kitambaa cha gauni waliniletea mimi. Nani mwingine angelishona? Cheupe, chepesi, kimefungwa kwenye karatasi. Nikawaambia miezi miwili inatosha. Zilipobaki wiki mbili, wakabisha hodi alasiri moja, mwanangu mbele, yeye nyuma.

"Mama, gauni limefika wapi?" aliuliza Bwana Kadi.

Neno likapanda. Lilikuwa limeshafika kwenye meno, na pasi yenyewe ilikuwa mezani imewaka, wangeniamini. Kitambaa kilikuwa chini ya cherehani, ndani ya karatasi yake, uzi wa dukani haujafunguliwa. Kila nilipokitandaza nilikiona kile kifundo cha mkono nilichokiminya, nikakikunja tena.

Nilichomoa waya wa pasi.

"Sijakata," nikasema. "Hata mkasi sijagusa. Nimekwama."

Nikaona niendelee kabla woga haujanirudia. "Siku ile ulipopiga simu, baba, alikuwa uani anafua. Hakusema usimpigie. Lile neno nililishona mimi. Na ile ya 'bado kifuniko tu' nilimfundisha mimi, mlangoni hapa, kabla hajajua kusoma. Mnisamehe. Nyie mmesema mbele ya watu, mimi mkubwa wenu nikashika mfuko."

Mwanangu alikuwa amesimama akiangalia ule mlango. Kisha akaenda mezani, akatwaa utepe wa kupimia, akanivika shingoni kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Nipime upya, mama," alisema. "Vile vipimo vya zamani havinifai, nimekonda."

Nikampima. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili, nikaandika ukutani kwa chaki nisisahau. Bwana Kadi alikunja mikono ya shati. Akafungua karatasi, akatandaza kitambaa mezani kutoka ncha hii hadi ile, akasubiri kuambiwa.

"Shika hapo," nikamwambia, nikachukua mkasi. "Usiachie mpaka niseme."